Gemu za mbinu zimegeuka mashindano ya kukesha

Mei 2024 Erling Haaland alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza mnaijua. Alikuwa anamalizia msimu na Manchester City, wakachukua ubingwa wa England kwa mara ya nne mfululizo, na yeye akamaliza mfungaji bora kwa mabao 27. Ya pili wengi wenu hamkuiona, ila vijana wa simu waliiona. Jamaa aliingizwa ndani ya Clash of Clans, ile gemu ya kujenga kijiji na kuvamia vijiji vya wenzako, akapewa nafasi ya Mfalme wa Barbarian. Alikuwa mtu halisi wa kwanza kuwekwa kwenye gemu hiyo tangu ianze mwaka 2012, na mwenyewe ameicheza miaka mingi.

Shughuli ile ilikuwa ya mwezi mmoja. Unaingia, unashambulia, unakusanya, unapanda ngazi, unapata medali, unakwenda kununua vifaa vya mfalme vilivyotengenezwa kwa ajili ya ujio wa Haaland. Kulikuwa na njia ya bure na njia ya kulipia. Mei ilipoisha mlango ukafungwa. Ulikuwepo, umepata. Hukuwepo, imekula kwako.

Nataka tuongee kuhusu hilo la "hukuwepo".

Clash of Clans ni gemu ya mbinu. Sifa yake kubwa ni kwamba unakaa unafikiri. Mizinga iwekwe wapi, ukuta upite wapi, jeshi gani linafaa kwa kijiji gani. Kijana mwenye akili na simu ya bei rahisi anaweza kumsambaratisha mtu aliyemwaga hela. Ndiyo maana watu wa mpira tunaipenda, kwa sababu ni kama ukocha: unaangalia adui amekaaje, unatafuta mahali alipoacha uwazi. Sasa hizi shughuli za muda, ambazo vijana wenyewe wanaziita iventi, zinapima kitu kingine kabisa. Zinapima kama jana uliingia. Na juzi. Na kama kesho utaingia. Huo ni mtihani wa mahudhurio, mwalimu anaita majina.

Na kwa haki kabisa, ile ya Haaland ilikuwa na afadhali. Mwezi mzima ni muda mrefu. Zipo gemu ambazo iventi ni siku saba, na kila siku ina kazi yake, na ukikosa siku moja tu huwezi kufika zawadi ya mwisho mpaka ulipie. Umejikusanya siku sita, umecheza vizuri, umefunga watu, siku ya saba mtandao umegoma. Zawadi kubwa hupati. Mimi naripoti mpira, na kwenye mpira sijawahi kuona timu ikipoteza mechi ya 30 halafu bodi ya ligi ikaja kufuta na pointi za mechi 29 zilizopita.

Twende Ukata. Ni kata ya Mbinga, mkoani Ruvuma, nchi ya Wamatengo, nchi ya kahawa. Jumamosi jioni vijana wako kibanda umiza wanaangalia Ligi Kuu England, na katikati ya mechi mbili simu zinatoka mifukoni. Huyu anacheza eFootball, yule anapanga kijiji chake cha Clash of Clans, mwingine ana klabu yake Top Eleven, na karibu wote wana timu FPL. Ukiwasikiliza wakilalamika, lalamiko ni moja. Hawalalamiki kwamba wamefungwa. Kufungwa wamezoea, wengine ni mashabiki wa Majimaji ya Songea, iliyoshuka Ligi Kuu mwaka 2018. Wanalalamika kwamba walikuwa hawapo.

Walikuwa wapi? Iventi za Clash of Clans hufunguliwa na kufungwa saa 2 asubuhi kwa saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa 5 asubuhi. Saa 5 asubuhi mwanafunzi wa sekondari yuko darasani, na simu shuleni ni kosa. Kijana aliyemaliza shule yuko shambani. Kuanzia Juni mpaka karibu Septemba huku ni kuchuma kahawa, na kahawa ukishaichuma ikiwa nyekundu inatakiwa ipite kwenye mashine ya kumenya maganda jioni ileile, ioshwe, ianikwe. Hakuna anayemwambia baba yake subiri kidogo, nina iventi inafungwa.

Gemu nyingine zinageuza siku saa 6 usiku za kimataifa, na hiyo kwetu ni saa 9 usiku. Teremka mpaka ziwani, Mbamba Bay au Liuli. Kijana anayevua usipa anakwenda kazini usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa sababu samaki wanafuata taa. Saa 9 usiku yuko katikati ya Ziwa Nyasa, na simu ameiacha nyumbani isije ikalowa. Akirudi asubuhi siku ya gemu imeshageuka na kazi za jana zimeondoka nazo. Huyo kijana kwa mbinu anaweza kukufundisha wewe na mimi, lakini gemu inamwona mtoro.

Halafu kuna bando. Hapa nacheka maana bando lenyewe ni iventi. La siku, la wiki, la mwezi, muda ukiisha MB zako zilizobaki zinayeyuka. Kwa hiyo kijana wa Ukata anakimbizana na saa mbili kwa wakati mmoja: ya gemu inayosema ingia kabla ya Jumapili, na ya bando inayosema tumia kabla ya kesho. Akiunganisha zote mbili vizuri, basi linakuja apdeti. Huwezi kuingia mpaka upakue mamia ya MB, na mtandao wenyewe unakwenda na kurudi kadiri unavyopanda na kushuka vilima. Bando la wiki limekwisha hata kikosi hujakipanga.

Mtu wa Dar es Salaam mwenye waya wa intaneti ukutani anaweza kusoma haya akasema ni matatizo ya miundombinu, gemu ina kosa gani? Kosa lake ni kwamba imetengenezwa kana kwamba kila mchezaji duniani anakaa kwenye kochi na chaja ukutani. Umeme ukikatika Mbinga, aliyepanga iventi hausiki kuukata, kweli. Ila yeye ndiye aliyeamua kwamba kukosa siku moja kunaua siku sita. Hilo ni la kwake.

Wenye umri wa kukumbuka PES za PS2 watanielewa haraka. Ulikuwa unalipia dakika zako kibandani, au nyumbani kama ulikuwa na bahati, unacheza Master League. Unaanza na wale wachezaji wabovu, unauza, unanunua, unapanda daraja. Umeme ukikatika unasubiri. Unaweza kwenda kijijini mwezi mzima, ukirudi memori kadi iko vilevile, timu yako inakusubiri pale ulipoiacha, msimamo wa ligi haujaguswa. Ilikuwa gemu ya mbinu kweli, unamjenga kijana taratibu mpaka anakuwa straika. Muda ulikuwa wako.

Septemba 2021 Konami waliifuta PES, wakaleta eFootball ya bure. Bure ni neno tamu. Kila Alhamisi seva zinafungwa kwa matengenezo, zikifunguka kuna iventi mpya na wachezaji wapya ndani ya boksi, na wale wa zamani wanaanza kuhesabiwa siku. Boksi la wale mastaa wakubwa mara nyingi lina wachezaji 150, na unaowataka wewe ni watatu. Kuvuta mara moja ni koini 100, mara kumi ni koini 900. Nimepiga hesabu, nanyi pigeni: ukivuta mara kumi, uwezekano wa kuwakosa wote watatu ni zaidi ya asilimia 80. Na pembeni ya boksi kuna saa inarudi nyuma, siku tatu, siku mbili, saa 14.

Ile saa ina kazi mbili. Kwanza inakurudisha kila siku, kwa sababu gemu ya bure haiishi kwa watu wanaoingia mara moja kwa wiki. Pili inakunyima nafasi ya kufikiri. Mtu akifikiri siku tatu kuhusu kununua koini, mara nyingi hanunui. Mtu mwenye saa nne zilizobaki, ngazi tatu hajapanda na kitufe cha kulipia mbele yake, huyo ananunua. Angalia jinsi inavyokaa vibaya: gemu ya mbinu, ambayo kazi yake ni kukufanya ufikiri, inapata hela pale unapoacha kufikiri.

Na wakati mwingine hata saa yenyewe ni ya uongo. Mei 2024, mwezi uleule wa Haaland, mamlaka ya walaji na masoko ya Uholanzi iliipiga Epic Games, wenye Fortnite, faini ya zaidi ya euro milioni 1.1. Moja ya makosa yaliyotajwa ni saa za kurudi nyuma kwenye duka la gemu, zilizowafanya watoto waamini kitu kinaondoka wakati muda ukiisha kilikuwa bado kinauzwa. Epic walikata rufaa. Fortnite ni gemu ya kupigana risasi, haiko kwenye kundi la mbinu, lakini saa ni ileile. Na Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema maboksi ya kuvuta bila kujua utapata nini ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Ubelgiji ni nchi ndogo kuliko mikoa yetu kadhaa ikiwekwa pamoja. Kampuni kubwa ilitii.

Sasa najua kuna msomaji anayesubiri kunikamata. Wewe mwandishi wa mpira unalalamikia muda? Mpira wenyewe si ni muda? Dakika 90, dirisha la usajili, saa ya kuanza mechi. Tena kuna watu wanaopenda iventi, bila iventi gemu inakuwa ugali bila mboga, unajenga kijiji mwaka mzima hakuna jipya.

Hilo la pili namkubalia. Iventi zina raha yake. Haaland kuingia kijijini kulikuwa na raha, vijana waliongea wiki nzima. Sitaki zifutwe.

Hilo la kwanza ndilo linanipa hoja yangu. Mpira una muda, lakini angalia unavyoutunza. Kombe la Dunia 2022 kule Qatar, England na Iran walicheza takriban dakika 117 kwa mechi ya kawaida ya makundi, England wakashinda 6-2. Kipa wa Iran aliumia kichwa, mchezo ukasimama muda mrefu, na mwamuzi akaurudisha muda wote uliopotea. Dakika zilizokufa si za mchezaji, zinarudishwa. Nani amewahi kuona gemu ya simu ikisema, seva zetu zilikuwa chini Ruvuma jana jioni kwa saa tatu, haya chukueni saa tatu zenu? Seva zikianguka dunia nzima watakupa koini kidogo za kukufuta machozi. Mtandao ukianguka Mbinga peke yake, hakuna hata anayejua.

Na saa ya kuanza mechi ikichezewa kwetu inakuwa ishu ya taifa. Mei 8, 2021, Simba na Yanga walipangwa saa 11 jioni pale Uwanja wa Mkapa. Siku ileile muda ukasogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga walisimama kwenye kanuni, wakaja kwa muda wa awali, wakaondoka zao, na mechi haikuchezwa. Ilikuja kupigwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Saa mbili tu zilizosogezwa ziliahirisha mechi kubwa kuliko zote nchini. Unaweza kuwalaumu Yanga au kuwasifu, mimi sitaingia huko leo, lakini kila mtu alielewa kwamba muda ni sehemu ya haki ya mchezo. Kwenye simu, mtu anabadilisha siku za iventi akiwa ofisini kwake nje ya nchi, na anayelalamika anaambiwa ni gemu tu.

Mfano mzuri zaidi uko mikononi mwenu kila wiki. FPL. Ile nayo ni gemu ya mbinu na nayo ina muda wa mwisho, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Hakuna mwenye FPL anayelalamika kwamba anaonewa na saa, na tumeshasahau kubadilisha kikosi mara ngapi? Tunajilaumu wenyewe. Kwa sababu muda ni mmoja kwa wiki, unajulikana mapema, ni sawa kwa tajiri wa London na muuza genge wa Ukata, na hakuna kitufe cha kulipia ili uchelewe. Ukikosa wiki moja timu yako inacheza vilevile na kikosi cha wiki iliyopita, pointi zako haziguswi.

Tena FPL wana vya muda pia. Msimu wa 2025/26 waliongeza chipsi, ukapewa seti mbili, na seti ya kwanza ilitakiwa itumike kabla ya muda wa mwisho wa wiki ya 19, la sivyo zinapotea. Hiyo ni iventi ya muda kabisa. Lakini ilitangazwa kabla ya msimu na ulipewa karibu nusu mwaka, kwa hiyo uamuzi wa lini utumie ukawa ndiyo mbinu yenyewe. Na AFCON ya Morocco ilipokaribia, ile iliyoanza Desemba 21, 2025, walijua Waafrika wengi wataondoka kwenye klabu zao, wakajaza uhamisho wa bure wa kila mtu mpaka kufikia watano katika wiki ya 16. Maana yake mtengenezaji akitaka kufikiria maisha ya watu, anaweza.

Hata ndani ya Clash of Clans kwenyewe kuna muda wa haki. Vita vya koo. Siku moja ya maandalizi, siku moja ya vita, kila mtu ana mashambulizi mawili, pande zote mbili zimepewa saa zilezile. Ukishindwa kushambulia wenzako watakusema, na wana haki, ulijiandikisha mwenyewe. Ni kama timu ya kijiji, ukisema utakuja uje. Kwa hiyo gemu inajua kuweka muda wa haki. Ni iventi za zawadi ndiko haki inakopotea, na siamini kwamba ni bahati mbaya.

Top Eleven iko katikati. Hiyo ni ya Nordeus wa Serbia, ilianza 2010, na Jose Mourinho alikuwa sura ya matangazo yake. Msimu ni siku 28, mechi zina saa zake, mnada wa wachezaji una saa zake. Kama gemu ya ukocha nakubali iwe na ratiba, kocha gani hana ratiba? Tatizo ni kwamba hakuna mapumziko. Msimu ukiisha unaanza mwingine, mwaka mzima, mavuno ya kahawa, mitihani, misiba, wao wanapiga tu. Hata Ligi Kuu ya NBC ina likizo.

Jibu jingine nalisikia sana, hasa kutoka kwa wakubwa: si lazima mcheze. Wekeni simu chini mkalime. Kwanza wanalima. Hao wanaochelewa iventi wanachelewa kwa sababu wanalima. Pili, hawa vijana hawana viti vya uwanjani. Kutoka Ukata mpaka Dar es Salaam kuangalia Simba na Yanga ni safari ya zaidi ya siku, na nauli yake ni hela ya mbolea. Gemu za simu ndiyo sehemu pekee ambapo kijana wa hapa anapambana na mtu wa Jakarta au Cairo, mechi moja, sheria moja. Na mambo yamekuwa makubwa, Desemba 2024 FIFA waliandaa Kombe la Dunia la eFootball kule Riyadh, lipo na kundi la wanaocheza kwa simu. Ukimwambia aweke simu chini, unamwambia aache uwanja ambao angalau alikuwa ameuingia.

Hela nayo inatoka kweli. Nimeona vijana wakinunua koini siku ya mwisho ya iventi kwa hela iliyokuwa ya kitu kingine, na nimenunua mimi mwenyewe, sitajifanya mtakatifu. Kinachoniudhi ni ile hesabu yake. Aliyelipa mara nyingi si mchezaji mbovu. Ni mchezaji mzuri aliyekosa siku mbili. Analipia mgao wa umeme. Analipia msimu wa kahawa. Yule ambaye hakuwahi kukatikiwa na kitu chochote anachukua zawadi ileile bure. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mwenye maisha magumu ndiye anayeuziwa kwa bei ya juu.

Dawa si ngumu na watengenezaji wanaijua, maana baadhi yao wanaitumia nusunusu. Iventi ya siku 30 iseme: kamilisha siku zozote 15. Basi. Ukiziunganisha mwanzoni, sawa, ukizipiga mwishoni baada ya mavuno, sawa. Kazi za siku uliyokosa zikusubiri mpaka iventi iishe badala ya kufa usiku ule. Na kitu kikishaondoka kirudi baadaye kwa njia ileile ya kucheza. Siku hizi vingi vinarudi, kweli, ila vinarudi dukani, vina bei. Mimi hiyo ya siku zozote ndiyo ningeipigania kwanza, kwa sababu inamgusa mvuvi, mwanafunzi na mkulima kwa mpigo, na haimpunguzii chochote anayeingia kila siku.

Watatusikia? Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka, nchi nzima ilipiga kelele mpaka serikali ikazisitisha. Kwa hiyo kelele za watu wa simu zinafanya kazi zikiwa nyingi na zikielekezwa mahali pake. Kwenye gemu pa kuzielekeza papo: nyota za duka la programu, na sehemu ya kuandika maoni ndani ya gemu yenyewe. Kiswahili wanacho cha kutafsiri. Waandikieni saa ya iventi, waandikieni mlikuwa wapi.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kumsubiri mzungu. Mashindano ya eFootball ya mitaani, ya elfu mbili mbili mezani na kuku kama zawadi, waandaaji wake ni sisi. Wekeni sheria kwamba kadi za iventi zinakaa nje, kila mtu acheze na kikosi cha wachezaji wa kawaida, muone nani anajua mpira. Na kuanzia Juni mechi zianze saa 2 usiku, kahawa ikiwa imeshaoshwa.

Kwa wale wa ligi ya FPL ya kijiweni: Waingereza wanarudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba, sisi haturudishi. Jumamosi yenye mechi ya mapema, muda wa mwisho uliokuwa saa 7 mchana unahamia saa 8. Mnayo saa moja zaidi ya kumtoa kepteni aliyeumia, na hamuilipii.